Karatasi za Bwana Otto

Rispa mwanangu,

Kabla hujapanda treni ya kesho jioni, ujue kwanza ni nani anakuandikia. Unaandikiwa na mtu ambaye siku akikosa kufika kazini, Eldoret haiamki. Hayo si maneno yangu, ni watu husema. Ile wiki nilishikwa na malaria, hakimu alisinzia kwa kiti akamwachilia mwizi wa ng'ombe akamfunga mwenye ng'ombe. Mkuu wa wilaya alitia sahihi barua isiyo yake. Na mkulima mmoja wa Sugoi, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajui kudanganya, aliniambia kwamba asubuhi upepo ukitoka upande wa mjini, ng'ombe wake huacha nyasi na kugeuza shingo kwa sababu ya harufu ya kahawa yangu. Wiki ile hawakugeuza. Akajua Elkana ni mgonjwa.

Basi huyo ndiye baba yako mdogo. Huyo ndiye leo amewekwa stoo, katikati ya mapipa ya sabuni na mashuka yaliyopasuka, anakuandikia saa tisa ya mchana kwa sababu hakuna mtu katika hoteli nzima anamhitaji. Usishangae barua kuwa ya duara. Hizi ni zile karatasi za kuchujia kahawa. Nilificha boksi moja, la mwisho, nyuma ya mashuka. Nilijaribu kuandika na kalamu ya wino, wino ukatambaa kama buibui. Karatasi hii ilitengenezwa kunywa, haikutengenezwa kuandikiwa. Kwa hivyo natumia penseli, na mahali utakuta nimetoboa, ujue hapo hasira ilinibana. Utakuta matundu mengi.

Nimekasirika, Rispa. Mama yako mdogo ameniambia nikuandikie mambo ya maana. Nimemjibu kwamba mambo ya maana ameshakwambia yeye: blanketi, sabuni, kanisa, wavulana, na kutofungulia mtu mlango giza likiingia. Sitarudia. Mimi nakuandikia juu ya hiyo chujio ya chuma, na juu ya lile swali uliloniuliza, ambalo sijakujibu mpaka leo.

Swali lenyewe nalikumbuka vizuri. Tulikuwa tunakula. Barua ya chuo cha hoteli ilikuwa imefika, umeisoma kwa sauti mara kadhaa, mama yako mdogo amepiga vigelegele hadi majirani wa mtaa wetu wa Munyaka wakachungulia. Halafu ukanigeukia ukasema, "Baba mdogo, si utanipeleka? Nairobi ni wewe unaijua."

Nikaweka chini tonge. Nikasema, "Iambie hiyo chuma yako ikupeleke."

Nikatoka nje. Nilimsikia mama yako mdogo nyuma yangu, "Mtoto anauliza njia, wewe unamjibu mambo ya chujio." Tangu siku hiyo mimi na wewe tunapitana hapo nyumbani kama wapangaji.

Nitakujibu. Lakini kwanza lazima nigombe, maana nimebeba maneno haya kifuani yakaniharibia usingizi na hata ugali siusikii utamu.

Wewe, na elimu yako yote, unajua karatasi ni kitu gani? Unaichukua kavu, nyeupe, duara. Unaikunja nusu. Unaikunja tena. Halafu unaifungua pembe, upande mmoja unakuwa karatasi moja, upande wa pili zinakuwa tatu, na huo upande mzito ndio unaegemea mdomo wa glasi. Ukikosea pembe, inapasuka katikati ya kazi na mheshimiwa anakunywa matope. Halafu maji ya kwanza si ya kahawa. Ni ya kulowesha karatasi tu, unayamwaga. Ndipo unaweka kahawa, unamwaga maji kidogo kama mtu anabatiza, unasimama. Kahawa inavimba. Unangoja. Inashuka yenyewe, nyekundu, safi, hata ungeitia kwa taa ya gari na dereva aone njia mpaka Turbo.

Haya yote nilifundishwa Nairobi na Bwana Otto, yule Mswisi, katika hoteli yenye ngazi za marumaru. Umesikia habari zake tangu ukinyonya. Kofia ndefu nyeupe, masharubu yamesokotwa juu, kidole kimoja kimeinuliwa hivi. Mtu ambaye sijamwona akicheka. Hakuwa na maneno, alionyesha tu: kwanza hivi, pili hivi, tatu, nne. Ukikosea, anakuangalia vilevile, bila kupepesa jicho, mpaka unarudia. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kama alikuwa na mke. Nikakwambia hakuna mwanamke angeweza kuvumilia usafi ule. Aproni yake haikupata doa hata siku moja, na mimi nilimtazama kila asubuhi.

Na kwa mikono hii aliyoifundisha Bwana Otto, nimefanya mambo makubwa katika hoteli hii. Waziri mmoja alikuja hapa kuwafokea wakulima wa ngano, ameshakunja sura kutoka kwa gari. Nikampelekea kikombe kimoja. Akakinywa, akanyamaza, akauliza kama wakulima wana magunia ya kutosha. Rubani wa ndege ndogo aliwahi kuzunguka juu ya mji mpaka mafuta yakakaribia kuisha kwa sababu pua yake haikutaka kuondoka. Najua unacheka. Cheka. Lakini asubuhi, kabla mpishi hajafunga aproni, ni mimi nilikuwa nimesimama pale na karatasi yangu, na hakuna mtu aliyethubutu kunisogelea.

Hapo ndipo kosa langu liko, na nakuandikia ili wewe usiliokote mahali nililiacha. Sikumfundisha mtu. Barasa, yule wa kubeba sahani, alikuja kwangu kwa heshima zake zote akasema, "Mzee, nionyeshe tu hiyo kunja." Nikamwambia mikono yake imezoea jembe. Mwenzake akaniomba, nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa nakunja nikiwa nimeangalia ukuta, wasione. Hata wewe. Ulikuwa kidato cha pili ukarudi likizo na furaha zako, ukachukua ukurasa wa gazeti, ukaukata duara, ukaukunja mbele yangu moja kwa tatu, sawasawa kabisa, ukasema, "Baba mdogo, hii si ndiyo ile yako? Sisi tunaifanya kwa maabara ya kemia. Darasa lote tunaijua." Nikaitazama. Nikakwambia umekosea pembe, nikaitia motoni. Pembe haikuwa na makosa yoyote.

Sasa hesabu mwenyewe. Siku ile ya mkutano, kama kungekuwa na watu wanne au watano pale wanaojua kukunja karatasi, wangesimama na mimi. Nilisimama peke yangu. Kazi ambayo unaijua peke yako, hakuna mtu atailinda isipokuwa wewe, na mtu mmoja hunyamazishwa haraka sana.

Wacha tuingie kwa huo mkutano, maana hapo ndipo nataka kukugombeza vizuri.

Unakumbuka tulivyokaa. Chakula cha mchana kimeisha, wafanyakazi wote wa hoteli tumeitwa tukasimama kando ya meza, wewe umetoka pale mapokezi ulipokuwa umewekwa kazi ya muda ukingoja matokeo yako. Meneja, na ile suti yake anayovaa hata akienda kununua mkate huko kwao mtaa wa West Indies, anakohoa. Picha ya mkubwa wa nchi iko ukutani inatuangalia. Na pembeni, kwa meza ya dirishani, ameketi mwenyekiti wa tawi la chama na kikombe chake, kama kila siku. Si mfanyakazi, si mgeni wa kulala, lakini nani angemwambia aondoke?

Meneja akasema, "Karatasi za kahawa hazitakuja tena. Leseni ya kuziagiza kutoka ng'ambo imekataliwa. Kuanzia Jumatatu tutatumia kahawa ya kopo. Ile ya unga. Kijiko kimoja, maji moto, kwisha."

Mimi nilisikia kama mtu amesoma jina langu katika matangazo ya vifo. Nilikuwa natafuta maneno. Nilikuwa bado natafuta, Rispa, wakati wewe uliinua mkono.

"Bwana meneja," ukasema, "kuna chujio ya chuma. Sista wetu wa shule alikuwa nayo. Unaweka kahawa, unamwaga maji, ukimaliza unaiosha na kesho unaitumia tena. Haihitaji karatasi."

Meneja akauliza, "Inakaa muda gani?"

"Sista aliinunua kabla mimi sijazaliwa."

Watu wakaguna. Meneja akatabasamu mara ya kwanza tangu aletwe mji huu. Na mimi, mjinga mimi, nikasimama wima, nikasema kwa ile sauti yangu ya kuita wahudumu, "Chuma haichuji. Chuma inazuia mawe peke yake. Ile mafuta ya kahawa inapita, ule unga mwembamba unapita, mgeni anabaki na tope kwa meno. Mimi siwezi kukubali."

Nikasikia kikombe kikiwekwa kwa kisahani pale dirishani. Polepole.

"Nani huyo hakubali?" akauliza mwenyekiti.

Mpishi akaanza kuangalia viatu vyake kama amevipata leo. Barasa akasogea kutoka karibu yangu, hatua ndogo tu, lakini niliiona.

Mwenyekiti akasema, "Msichana ameleta jambo la maendeleo. Nchi inaokoa pesa za kigeni. Na huyu mzee anapinga. Unapinga, Mzee?"

Wewe umezaliwa ukakuta hilo neno lina meno, kwa hivyo sihitaji kukueleza. Unamkumbuka yule karani jirani yetu, aliyesema kitu kidogo tu kwa baa, ati bei ya sukari, kisha ikaja Landrova ya polisi. Alirudi. Lakini tangu arudi unamsalimia kuhusu mtoto wake, anakujibu kuhusu mvua. Mimi nilisimama pale na mdomo wazi, mikono yangu mbele yangu, na mikono ilikuwa imeanza kukunja hewa. Nusu. Robo. Nilitaka kusema sipingi. Sauti ikakataa kutoka. Mimi, ambaye nimemnyamazisha waziri kwa kikombe kimoja.

Halafu nikakusikia wewe.

"Hapingi, Bwana Mwenyekiti. Huyo ni baba yangu. Kitu akikipenda, lazima akigombeze kwanza. Mama mdogo mwenyewe aligombezwa naye mwaka mzima kabla amwoe."

Kicheko kilichotoka hapo, hata vijiko vilitikisika. Mwenyekiti alicheka mpaka akajifuta macho na kitambaa cha meza. "Basi Mzee, gombeza hiyo chujio mwaka mmoja halafu uioe," akasema, na wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Ulinitazama, najua uliona nikicheka. Nikapiga makofi pia wakati meneja alisema amekubali. Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Sasa sikiza hasira yangu, nikupangie.

Nina hasira na huyo meneja, ambaye wiki hiyohiyo alikuandikia barua ya kukusifu kwa chuo, ati una akili ya kuongoza hoteli, na hajawahi kuniandikia mimi hata kikaratasi cha kuniambia umeamkaje. Nina hasira na mwenyekiti, anayekunywa kazi ya mikono yangu kila siku na hakujua jina langu mpaka alipotaka kulila. Nina hasira na Barasa kwa ile hatua moja. Na nina hasira na wewe, kubwa, ya pekee, kwa sababu hiyo fikra ya chuma ulikuwa nayo nyumbani. Ulilala nayo. Ulikula nayo mezani kwangu. Ungeniambia, "Baba mdogo, karatasi zikiisha kuna njia hii." Mimi ningekataa, ni kweli. Ningekupigia kelele mpaka jirani agonge ukuta. Lakini ningelala nayo, na siku ya mkutano ningeinua mkono mimi, niseme mimi Elkana nimefikiria chuma, na leo wageni wangekuwa wanakunywa chujio ya Elkana. Badala yake ulimpa mtu mwenye kiti kikubwa. Nimeishi miaka yangu nikiona hivi: wazo ukilitoa mbele ya wakubwa halirudi kwako tena kama wazo. Linarudi kama amri, na linaanza na watu wa nyumbani kwako.

Huko unakokwenda kuna viti vikubwa kuliko hivi. Angalia nani ameketi dirishani kabla hujafungua mdomo. Sisemi unyamaze. Mimi nilinyamaza na unaona nilipo. Angalia tu.

Chuma yenyewe ikaja. Ilitoka Nairobi kwa boksi lenye nyasi kavu, inang'aa kama jino la dhahabu la mtu asiye na kazi. Imechongoka chini, ina vitobo vidogo huwezi kuvihesabu. Nilipewa niizindue mbele ya meneja. Niliichoma kwa maji moto mara tatu kuitoa harufu ya kiwandani. Nikamwaga kahawa. Haikungoja. Haikuvimba kwa adabu, ilipita tu, vuu, kama mtu anakimbia mvua. Nikatazama kikombe: juu mafuta yanaogelea, chini tope. Nikasema sasa wataona wenyewe. Mnunuzi mmoja wa ngano akaonja, akalamba mdomo, akasema, "Leo kahawa ina nguvu. Mlikuwa mnatuficha nini siku hizi zote?"

Mnatuficha. Mimi, nimewachujia watu hao matope miaka hii yote.

Baada ya wiki hawakunihitaji tena. Barasa anamwaga maji, anangojea akipiga mluzi, anaigonga kwa pipa gong gong, anaiosha chini ya bomba, anaiangika kwa msumari. Mtoto wa nasari angeweza. Nilimwambia, "Barasa, unaiosha kwa sabuni, kesho wageni watakunywa sabuni." Akanijibu, "Mzee, hata chungio ya chai kwenu nyumbani si mnaosha mnarudisha? Mbona hiyo hamuitupi?" Wahudumu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonileta stoo. Nilienda kwa meneja mwenyewe nikasema nataka kazi nyingine. Watu watakwambia nilifukuzwa jikoni. Hapana. Niliondoka na miguu yangu.

Nitakwambia kitu ambacho kinaniuma kuliko kicheko. Karatasi ilikuwa inaniita. Kila kulipokucha iko moja mpya, kavu, haijui kitu, inangoja mkono wangu uifanye iwe na kazi. Ikimaliza inatupwa, na kesho inaniita nyingine. Chuma haimwiti mtu. Imeshakunjwa kiwandani, mara moja tu, imemaliza. Itakuwa kwa ule msumari nikiwa nimestaafu, itakuwa pale nikiwa nimezikwa kwetu kule karibu na ziwa, na hakuna atakayejua kwamba kabla yake kulikuwa na mikono. Siku hizi mikono yangu haitulii. Nakunja kitambaa cha meza, nakunja tangazo la kanisa la mama yako mdogo kabla hajalisoma. Juzi alifungua Biblia akakuta karatasi ya mahubiri imekunjwa moja kwa tatu. Alinitazama. Akaifungua taratibu, akaisoma na mistari yake.

Lakini nikikaa hapa stoo peke yangu, hasira ikipoa kidogo kama maji yaliyotolewa motoni, narudi kwa yale maneno yako mbele ya mwenyekiti. Ulikuwa na nafasi ya kunyamaza. Kila mtu alikuwa amenyamaza. Ulikuwa umeshasifiwa, fikra yako imeshapita, ungeangalia viatu kama mpishi na hakuna mtu angekulaumu, hata mimi. Ukajiweka kati yangu na yule mtu kwa mzaha. Na hukusema "baba mdogo". Ulisema "huyo ni baba yangu". Tangu ndugu yangu mkubwa azikwe, na wewe uletwe kwangu ukiwa na gauni moja, hujawahi kuniita hivyo. Nilingoja neno hilo kwa muda mrefu, nikalipata siku ambayo nilikuwa nataka ardhi inimeze. Kwa hivyo sikujua kama nikushukuru au nikuchape. Nikachagua kununa. Kununa sikuhitaji kufundishwa.

Sasa nakuja kwa swali lako. Penseli imebaki fupi kama meno ya mzee, na karatasi zinaisha.

Uliniuliza kama nitakupeleka Nairobi kwa sababu ni mimi naijua. Mama yako mdogo anadhani nilikataa kwa sababu ya chujio. Wewe unadhani hivyo pia. Nimewaacha mdhani, kwa sababu hasira ni blanketi nzuri, inafunika mambo mengi. Tena uliona katika barua hii yote sijakwambia ukishuka kwa treni ugeukie wapi, barabara gani ina wezi, chuo kiko upande gani wa mji. Mtu anayeijua Nairobi angekwambia.

Barua hii nimeitia ndani ya lile boksi la mwisho la karatasi, na nimeliweka juu ya sanduku lako. Ukimaliza kusoma, lipindue uangalie nyuma. Utakuta picha ya mzungu. Kofia ndefu nyeupe, masharubu yamesokotwa, kidole kimoja kimeinuliwa. Chini yake kuna michoro minne: kwanza hivi, pili hivi, tatu, nne. Mwite kwa jina, unamjua tangu utotoni.

Nilipokuwa kijana nilipanda treni hiyohiyo utakayopanda kesho, na sanduku la mbao alilonitengenezea baba yako. Tulipofika Nakuru nikashuka kununua mahindi ya kuchoma. Nilibishana na yule mama wa mahindi, aliyechagua kuwa mgumu siku hiyo, na nilipogeuka naona mkia wa treni. Nikabeba mizigo ya watu pale Nakuru mpaka aibu ikapungua, nikarudi Eldoret, nikawaambia watu nimetoka Nairobi, nimekuwa mkuu wa kahawa. Hoteli wakaniamini wakanipa boksi, na usiku ule boksi likanifundisha kazi.

Kwa hivyo kesho nitakuja na wewe, mpaka mlango wa chuo. Mzigo wako nitabeba mimi na njia utauliza wewe, na ukiwa unauliza, nitasimama mbali kidogo, kama mtu anayengoja tu mwanawe athibitishe kile yeye anakijua. Nakuru sitashuka. Katika ukoo wetu ni sanduku langu peke yake lililowahi kufika Nairobi.

Baba yako,
Elkana